Pumzi Ukutani: Kuimwaga, Kuibana, Kuivumisha au Kuvaa Kibanio?

Ukiogelea mita 1,000 kwenye bwawa la mita 25, utageuka ukutani mara 39 kabla ya kumaliza. Kwenye bwawa la mita 50 ni mara 19. Ndiyo maana mtu anayeogelea mtindo huru (kifudifudi, mikono ikipokezana) bila taabu katikati ya bwawa huanza kuhema kama aliyekimbizwa na mbwa siku anapojifunza kugeuka kwa kupiga kichwangomba. Mikono ni ileile na miguu ni ileile. Kilichovurugika ni pumzi.

Wanaoanza kugeuka hivi hulalamikia mambo mawili. Wa kwanza anasema maji yanampanda puani. Wa pili anasema akishajisukuma kutoka ukutani anaishiwa hewa kabla hajafika juu. Mara nyingi wote wawili hupewa jibu moja, "Toa pumzi kwa pua," na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu dawa ya yule wa kwanza ni sumu kwa wa pili. Anayemwaga hewa nyingi hulinda pua lakini hutoka ukutani akiwa mtupu. Anayeibana hutoka na kifua kilichojaa, ila pua imeshakunywa maji. Kwa hiyo kabla hujachagua njia yoyote kati ya hizi nne, jiulize kwanza wewe ni yupi kati ya hao wawili. Mimi nilikuwa yule wa kwanza, nikajitibu kwa bidii mpaka nikawa wa pili.

Kwa nini maji yanaingia puani wakati huo tu

Chukua kikombe, ukiinamishe mdomo chini, kisha ukizamishe kwenye ndoo ya maji. Maji hayajai, maana hewa iliyomo haina pa kutokea. Sasa kigeuze polepole mpaka mdomo uelekee juu. Hewa inatoka kwa mapovu na maji yanachukua nafasi yake.

Pua yako ndiyo kikombe hicho. Unapoogelea ukitazama sakafu ya bwawa, matundu yake yanaelekea chini na hewa inajikalia humo hata usipofanya lolote. Ukipiga kichwangomba, kuna kipindi kifupi uko chali kabisa, miguu inauelekea ukuta na matundu ya pua yanaangalia juu. Kikombe kimepinduliwa. Kama wakati huo huna hewa inayosukuma kutoka ndani, maji yataingia na kuchoma mpaka nyuma ya macho. Kuchoma huko watu hukulaumu klorini peke yake, lakini hata maji safi ya bombani yangekuchoma, kwa kuwa hayana chumvi kiasi kile kilichomo kwenye majimaji ya mwili.

Tazama basi jinsi hatari yenyewe ilivyo fupi. Inaanza pale kidevu kinapoingia kifuani na kuisha pale unapojigeuza tena kifudifudi, nayo haizidi sekunde moja au mbili. Muda huo ndio pekee ambao pua inahitaji ulinzi, na hewa yoyote unayoitoa nje ya muda huo hailindi chochote.

Na kwa nini unahisi kufa kwa kukosa hewa

Tufanye hesabu ya kawaida. Tuseme unavuta pumzi kila mkono wa tatu, yaani kila pigo la tatu la mkono, na kila mkono unakuchukua kama sekunde moja. Katikati ya bwawa unapata hewa kila baada ya sekunde tatu. Ukutani sasa: umevuta pumzi mikono miwili kabla ya kugeuka, hizo ni sekunde mbili, kichwangomba chenyewe sekunde moja, kujisukuma na kuteleza sekunde mbili au tatu, kisha mkono mmoja au miwili ndipo mdomo uone hewa. Jumla ni sekunde sita mpaka nane. Yaani pengo kati ya pumzi na pumzi limekuwa maradufu, na pengine zaidi, mara 39 mfululizo.

Hata hivyo oksijeni haijakwisha. Hewa tunayoivuta ina oksijeni karibu asilimia 21, na tunayoitoa bado inayo kama asilimia 16. Kinachokupigia kengele ni kabonidioksidi inayorundikana kwenye damu. Ndiyo maana mtu anayebana pumzi anapoogelea kawaida, kisha akaitoa yote kwa pupa anapogeuza kichwa, hufika ukutani tayari ana deni. Huyo hata umfundishe kichwangomba cha namna gani, atatoka anahema. Ugonjwa wake uko kwenye mita 20 kabla ya ukuta. Kama unajitambua hapo, rudi ukajifunze kutoa mapovu taratibu uso ukiwa majini, kisha ndipo uje kwenye ulinganisho huu.

Kumwaga hewa mfululizo

Hii ndiyo njia inayofundishwa kwanza: kuanzia unapozamisha kichwa unatoa mapovu puani bila kukatiza, unapinduka nayo, unajisukuma nayo, unaibuka nayo.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji akili. Mtu anayehangaika kujua juu ni wapi na chini ni wapi haongezewi kazi nyingine. Pia kutoa hewa hupunguza ile hamu ya kupumua, kwa hiyo mwili unatulia hata kama muda ni uleule. Kwa siku za kwanza za kujifunza, sioni nyingine inayoishinda.

Ubaya wake unajitokeza pale unapoanza kuruka mbali na ukuta. Mapafu hayana hewa ya kumwaga kwa sekunde nane, isipokuwa kwa uzi mwembamba sana, na anayeogopa maji hawezi kutoa uzi mwembamba, anatoa bomba. Matokeo yake kifua kinakauka akiwa bado anateleza chini ya maji. Na mapafu ni boya la mwogeleaji. Ukiyaondolea hewa, kifua kinazama, unalazimika kupiga mateke zaidi ili upande, na mateke yanakula hewa ambayo huna.

Kubana, kisha kuipuliza kwa mkupuo

Hapa unafika ukutani kifua kimejaa, unabana mpaka kidevu kinapoingia kifuani, unapuliza kwa nguvu puani wakati wa kupinduka, halafu unafunga tena. Hewa iliyobaki unaitoa ukiwa unapanda.

Ukilinganisha na ile ya kwanza, hii ina hesabu nzuri zaidi: unatumia hewa pale tu pua inapokuwa wazi. Waogeleaji wengi wa mashindano hufanya kitu cha namna hii, ingawa ukiwauliza watakwambia hawafikirii. Lakini inataka saa ya ndani. Ukipuliza mapema nusu sekunde, mkupuo unaisha ukiwa bado chali na maji yanaingia kwa kishindo. Ukichelewa, yameshaingia.

Kuna kosa moja linaloandamana nayo, nalo ni kujaza kifua kupita kiasi. Mtu anavuta hewa kama anayetaka kupiga mbizi baharini. Kifua kilichojaa pomoni kinapanda haraka, kwa hiyo unapojisukuma unaibuka mapema badala ya kuteleza, na mabega yanakakamaa. Pumzi ya kawaida inatosha.

Na hapa niseme jambo moja kwa uzito wake. Usihemeheme haraka haraka kabla ya kuogelea ili "ujaze hewa". Kuhema huko hakuongezi oksijeni ya maana. Kunafukuza kabonidioksidi, yaani kunanyamazisha kengele. Oksijeni inaweza kushuka mpaka upoteze fahamu chini ya maji kabla hujahisi hamu yoyote ya kupumua, na kuna watu wazoefu, wenye mapafu mazuri, waliokufa hivyo kwenye mabwawa ya kina kifupi. Mazoezi ya kuogelea urefu mzima bila kupumua hayamfundishi mtu kugeuka vizuri, na kuyafanya peke yako ni kuchezea roho.

Kuvumisha

Funga mdomo, uvume "mmm" kama anayekubali jambo bila kutaka kusema. Hewa inayotoka puani ni kidogo, lakini haikatiki. Huwezi kuvuma bila kutoa hewa, na huwezi kuvuma na wakati huohuo ukamwaga yote kwa pupa. Ndiyo siri yake yote.

Ninaipendelea hii, sifichi. Inakaa katikati ya zile mbili: ni rahisi kama ya kwanza, na inabana matumizi karibu kama ya pili. Tena ina kitu ambacho nyingine hazina, nacho ni kipimo. Unaisikia sauti yako ndani ya kichwa. Ikikatika kabla miguu haijagusa ukuta, unajua. Ikiendelea mpaka umejigeuza kifudifudi, unajua pia. Kwa njia nyingine unategemea pua kuchoma ndipo utambue kosa, na hapo umechelewa.

Kasoro yake? Kwa anayepinduka polepole sana, mvumo mwembamba unaweza kushindwa kuyazuia maji, hasa akishuka kina kirefu anapopinduka, maana shinikizo la maji linaongezeka kadiri unavyoshuka. Huyo avume kwa nguvu zaidi anapokuwa chali, kisha alegeze. Na wapo wanaocheka wanapojaribu mara ya kwanza, wakanywa maji kwa sababu ya kicheko. Hilo halina dawa ila kurudia.

Wengine wachache hujaaliwa kuinua mdomo wa juu mpaka ukaziba matundu ya pua. Jaribu mbele ya kioo. Ikiwa haufiki, haufiki. Haijengwi kwa mazoezi ya wiki moja.

Kibanio cha pua

Kuna wanaokidharau kibanio wakisema ni cha wanaoanza. Hilo si kweli. Tazama mashindano ya kuogelea chali, utawaona baadhi ya waogeleaji wamevaa. Sababu iko wazi: mwogeleaji wa chali akishapinduka anajisukuma akiwa bado chali na kupiga mateke ya pomboo (miguu yote miwili pamoja, kama mkia) akiwa vilevile, matundu yakitazama juu muda wote. Kwake kikombe hakirudi kuinama kama kwa mtindo huru. Kulinda pua kwa hewa peke yake kwa muda wote huo kunamgharimu sana.

Na muda huo ulikuwa mrefu zaidi zamani. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Daichi Suzuki wa Japani alishinda mita 100 chali baada ya kupita sehemu kubwa ya urefu wa kwanza akiwa chini ya maji, na hakuwa peke yake. Ndipo mipaka ikawekwa. Leo, katika mtindo huru, chali na kipepeo, kichwa lazima kiwe kimetokeza kufikia mita 15 baada ya kuanza na baada ya kila kugeuka.

Kwa anayeogelea mtindo huru kwa afya yake, kibanio kina faida moja kubwa na hasara mbili. Faida: pua haina habari tena, kwa hiyo hewa yote ni yako kuipangia matumizi. Mwenye mafua ya mzio au mwenye pua inayouma siku nzima kila akitoka bwawani, hiki kinaweza kumrudishia raha ya kuogelea. Hasara ya kwanza ni kwamba lazima utoe hewa yote kwa mdomo, na aliyezoea kutoa kwa pua hujisikia amezibwa, hata akaogopa. Ya pili ni kwamba hung'oka. Ukijisukuma kwa nguvu, maji yanakipiga usoni, na ukishakitegemea, siku kikidondoka katikati ya kichwangomba utakuwa kama hukuwahi kujifunza. Kwa hiyo kama pua yako ni nzima, jifunze kuvumisha kwanza.

Pumzi ya mwisho kabla ya ukuta

Njia ya kutoa hewa ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni wapi unavuta.

Ukivuta kwenye mkono wa mwisho kabisa, unaingia kichwangomba ukiwa na hewa mbichi, na hilo si dogo. Lakini kichwa kiko pembeni wakati kinapaswa kuwa kinaingia kifuani. Unapinduka kwa kujikunja upande, unatua ukutani mguu mmoja juu mwingine chini. Tena huuoni ukuta. Ukivuta mikono mitatu au minne kabla, mwili unaingia ukiwa umenyooka vizuri, ila umeongeza sekunde kadhaa kwenye pengo ambalo tayari ni refu.

Mkono wa pili kutoka mwisho ndio ninaoushauri. Vuta, rudisha uso chini, piga mkono mmoja wa mwisho ukitazama sakafu, pinduka. Ili uweze, unahitaji kujua mkono wa mwisho ni upi. Kwenye mabwawa yaliyochorwa kwa vipimo vya mashindano, mstari mweusi wa sakafuni huishia mita 2 kabla ya ukuta kwa alama ya herufi T. Hesabu mikono yako kutoka alama hiyo mara kumi bila kupinduka, utapata namba isiyobadilika sana. Anayejua kuvuta pumzi pande zote mbili ana nafuu hapa, kwa kuwa mkono wa pili kutoka mwisho si kila mara utaangukia upande wake anaoupenda.

Pumzi ya kwanza baada yake

Makocha wa mashindano hukataza kuvuta pumzi kwenye mkono wa kwanza. Wana haki: unapotokeza bado una kasi ya msukumo, kubwa kuliko kasi yako ya kuogelea, na kugeuza kichwa wakati huo kunaivunja. Kwa anayeshindania sehemu ya mia ya sekunde, hilo ni dhahabu.

Lakini wewe unayeogelea mita 1,500 kabla ya kwenda kazini hushindani na yeyote. Nadhani katazo hilo limewatesa bure watu wengi wasiohusika nalo. Mkono wa pili ni mzuri ukiweza. Ukihitaji wa kwanza, uchukue, bila kuinua kichwa mbele. Kizungushe pembeni tu.

Kilicho muhimu kuliko huo mjadala ni urefu wa kuteleza. Kuna watu wanaojilazimisha kuteleza mpaka karibu wasimame, kwa kuwa wameambiwa waliobobea huenda mbali chini ya maji. Waliobobea wanapiga mateke ya pomboo yanayoendeleza kasi. Ukiwa huna mateke hayo, anza kupiga mkono mara kasi ya msukumo inapokaribia kasi yako ya kawaida. Kukatisha mtelezo kwa sekunde moja hukupa nafuu ya pumzi kuliko ujanja wowote wa puani.

Je, ni lazima upinduke?

Si lazima. Kugeuka kwa mkono, yaani unashika ukuta, unavuta magoti, unageuka na kujisukuma, kunakupa pumzi nzima ukutani. Kanuni za mtindo huru zinataka sehemu yoyote ya mwili iguse ukuta, kwa hiyo ni halali hata mashindanoni. Kwenye mtindo wa chura na wa kipepeo ndiyo njia yenyewe, na huko unagusa kwa mikono yote miwili pamoja.

Kwa kichwangomba unapata mwendo usiokatika na muda kidogo. Kwa mkono unapata hewa. Kwa seti ndefu, au siku unayoogelea umechoka, au unaporudi baada ya kuugua kifua, ningechukua mkono bila kuona haya. Wapo pia wanaochanganya, kichwangomba mara tatu, mkono mara ya nne. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Jinsi ya kujua uliyochagua inakufaa

Anza mbali na ukuta. Ogelea taratibu katikati ya bwawa, piga kichwangomba, usimame. Fanya mara tano kwa kumwaga, mara tano kwa mkupuo, mara tano kwa kuvuma. Pua itakupa jibu la kwanza palepale. Kisha nenda ukutani na njia mbili zilizobaki, ugeuke mara nane mfululizo kwa kila moja, kwa mwendo wako wa kawaida, ukisikiliza jambo moja tu: mkono wa kwanza unapoanza, kuna mapovu yaliyobaki? Kama hakuna, unatoa mapema mno. Punguza hewa unayoitoa ukiwa umeshageuka kifudifudi. Kama yamebaki mengi kiasi kwamba ukigeuza kichwa inabidi utoe kwanza ndipo uvute, unabana mno. Anza kutoa pale miguu inapoachana na ukuta.